Fomu ya ulemavu haijazwi kwa "sijambo"

Mjulie hali Mkenya yeyote wa makamo aliyelala kitandani mwezi mzima, naye atakujibu kwamba hajambo. Atasema hivyo hata kama usiku kucha hakupata lepe la usingizi. Ukimdodosa zaidi, ataongeza kwamba tunamshukuru Mungu, kisha atakuuliza habari za watoto wako. Sisi tunaoshughulika na lugha twajua kwamba neno hilo lina ukanushi ndani yake: anayesema "sijambo" anasema kwamba hana jambo, hana neno, hana la kumsumbua mwenzake. Huo ni ustaarabu wa watu waliozoea kuishi pamoja, nami sina nia ya kuubeza.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo adabu hii humdhuru mwenyewe. Mahali hapo ni mbele ya daktari au ofisa wa serikali anayetakiwa kuamua iwapo mtu mwenye ulemavu anastahili kupewa ruzuku, kusamehewa kodi au kupatiwa kifaa cha kumsaidia. Ofisa huyo haishi na mwombaji. Hajui jinsi anavyoamka, anavyooga wala anavyofika sokoni. Anachokijua ni kile alichoambiwa na kile kilichoandikwa. Mwombaji akimwambia kwamba hajambo, kalamu nayo itaandika kwamba hajambo.

Nimefundisha isimu chuoni kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo jamaa, majirani na walimu wenzangu wameniomba mara kwa mara niwasomee au niwafafanulie fomu za aina hii. Nimetambua kwamba mtu anaweza kuwa na haki kamili mbele ya sheria na bado akarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa haki yake haikupata maneno ya kuibeba. Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi. Nyinyi ndio mnaoshika kalamu kwa niaba ya jamii zenu.

Tuanze na haki zenyewe, kwani asiyezijua hawezi kuzidai. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na hata ya kuitwa kwa jina lisilomdunisha. Kabla ya hapo, mwaka wa 2008, Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mahali pa sheria hiyo sasa pamechukuliwa na ile ya 2025.

Kutokana na misingi hiyo kuna misaada kadhaa. Tangu 2011 kumekuwa na mpango wa kuwapa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji mlezi wa kuwatunza wakati wote na ambao jamaa zao ni maskini hohehahe. Mpango huu, ambao siku hizi umo chini ya Inua Jamii, hutoa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa wanaopata mshahara, agizo la 2010 liliweka msamaha wa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Mwalimu mwenye ulemavu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huruhusiwa kufanya kazi hadi umri wa miaka 65, ilhali wenzake hustaafu wakiwa na miaka 60. Aidha, kuna Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu ambayo husaidia kwa karo na kwa vifaa kama vile viti vya magurudumu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalompata mtu kwa kuonekana tu. Kwanza sharti akaguliwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, madaktari waandike ripoti, kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa. Anayeomba msamaha wa kodi huendelea hadi kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na akiwa ameajiriwa huhitaji pia barua ya mwajiri. Anayeomba ruzuku ya ulemavu mkubwa, jamaa yake huchunguzwa hali yao ya maisha, na majina huthibitishwa mbele ya wanakijiji katika mkutano wa hadhara. Ukizitazama hatua hizi zote, utaona kwamba katika kila moja kuna mtu anayeuliza na mwingine anayejibu. Kwa hivyo jambo lenyewe, licha ya kuwa la udaktari na la sheria, ni la lugha pia.

Tatizo la kwanza ni kwamba waombaji wengi hulitaja jina la ugonjwa wakadhani wamemaliza. Mtu ataandika "kisukari", "kiharusi" au "glakoma" na kuweka nukta. Lakini majina hayo hayasemi lolote juu ya maisha ya mtu. Watu wawili wanaweza kuwa na kiharusi, mmoja akawa anaendesha baiskeli na mwingine hawezi kujifunga vifungo vya shati. Kinachotafutwa ni kile ambacho ugonjwa au jeraha limemzuia mtu kukifanya, na kwa kiasi gani. Jina la ugonjwa ni nomino, na fomu ya ulemavu hudai vitenzi: kutembea, kuona, kusikia, kukumbuka, kujilisha, kujivika, kuzungumza.

Namjua mwalimu mmoja wa sekondari ambaye macho yake yalikuwa yakififia mwaka hata mwaka. Alipoomba msamaha wa kodi, mwalimu mkuu wake, ambaye alimpenda na kumthamini, alimwandikia barua nzuri mno. Alisema kwamba mwalimu huyo ni hodari, mchapakazi, hajawahi kukosa kipindi, na kwamba hali yake haimzuii kutekeleza wajibu wake wowote. Kila neno lilikuwa la sifa, na sifa hizo ndizo zilizomponza, kwa sababu barua ya mwajiri hutakiwa ieleze aina ya ulemavu na jinsi unavyoathiri utendaji kazini. Ombi lilirudishwa. Wakati wa kuandika barua ya pili, mwalimu mkuu aliketi naye na kumuuliza maswali. Ikajitokeza kwamba rundo la insha ambalo wenzake hulisahihisha kwa jioni moja, yeye humchukua jioni nne, tena mkewe akimsomea. Kwamba hawezi kuona aliyeinua mkono nyuma ya darasa. Na kwamba jua likitua hawezi kutoka shuleni peke yake. Hapakuwa na chumvi hata punje. Barua ya kwanza ilieleza moyo wa mwalimu na ya pili ikaeleza macho yake. Ombi likakubaliwa.

Anayedhani kwamba natia mkazo kupita kiasi katika uzito wa maneno na azitazame takwimu za sensa zetu. Sensa ya 2009 ilipata kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya, yaani zaidi ya watu milioni 1.3, walikuwa na ulemavu. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2, takriban watu 900,000. Je, katika miaka kumi Wakenya 400,000 waliponywa? La hasha. Sensa ya pili haikuwahesabu watoto walio chini ya miaka mitano, na zaidi ya hayo namna ya kuuliza ilikuwa imebadilika. Safari hii watu waliulizwa kama wana ugumu katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu yalipangwa kwa ngazi: hakuna ugumu, kuna ugumu kiasi, kuna ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Waliohesabiwa katika ile asilimia 2.2 ni wa ngazi mbili za mwisho. Basi mfikirie bibi anayeulizwa kama ana ugumu wa kutembea, naye kwa haya zake akajibu, "Kidogo tu, mwanangu." Neno "kidogo" limemtoa katika hesabu ya taifa.

Mwombaji, au anayemsaidia, ajibu vipi basi? Nawashauri wanafunzi wangu wakumbuke vielezi, maana kitenzi pekee hakitoshi. "Natembea" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haina habari. Natembea umbali gani kabla ya kupumzika? Natembea kwa nini: kwa magongo, kwa kushika ukuta, kwa kuegemea bega la mtoto? Nani huwa karibu nami, na asipokuwapo inakuwaje? Baada ya kutembea, mwili hunilipisha nini? Na katika siku saba za juma, ni siku ngapi naweza, na ngapi siwezi? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa wenye kifafa, seli mundu au maradhi ya akili, ambao hali yao hupanda na kushuka. Mtu wa namna hii akikaguliwa siku ambayo yu mzima, atasema ukweli wa siku hiyo na kuusahau wa siku nyingine sita. Afadhali aweke daftari, aandike tarehe na yaliyomfika, kisha aende nalo.

Ni vyema pia aandamane na mtu anayeishi naye. Mama aliyemlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa miaka kumi na miwili amekwisha kuzoea kumgeuza usiku, kumponda chakula na kumbeba hadi msalani, hata haoni tena kwamba hayo ni mambo ya kutajwa. Ukimuuliza kama mtoto hula vizuri, atasema ndiyo. Ndiyo yake ni ya kweli, ila imeificha saa nzima aliyotumia kumlisha. Muulize badala yake, "Tangu anapoamka hadi analala, wewe humfanyia nini?" Hapo ndipo utakapoyasikia ambayo fomu inayatafuta.

Kuna suala la majina tunayowaita watu hawa. Kiswahili kimewaweka wengi wao katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, ngeli moja na kiti na kikombe. Wapo wanaoona dharau katika kiambishi hicho, na Baraza, magazeti na shule zimefanya vyema kuhimiza tuseme "mtu mwenye ulemavu". Nikumbushe tu kwamba sarufi yetu haijawahi kuwasahau kabisa, kwani upatanisho huwarudisha katika ngeli ya watu: twasema "kipofu huyu amefika", hatusemi "kipofu hiki kimefika". Lakini zaidi ya heshima, majina hayo ni butu yakiletwa kwenye fomu. "Kiziwi" halielezi kama mtu husikia ngoma au king'ora, kama husoma midomo, au kama anaijua Lugha ya Ishara ya Kenya. Ni muhuri tu, na ofisa hawezi kuamua kwa muhuri.

Najua pingamizi litakalotolewa, nami naliheshimu. Watu wenye ulemavu wamepigana kwa miongo mingi wakisema kwamba ulemavu si kutoweza. Je, si kuwarudisha nyuma kuwataka waketi mbele ya ofisa na kuorodhesha wasiyoyaweza? Jawabu langu ni kwamba sentensi hizo mbili hazipingani zikikamilishwa. Yule mwalimu anaweza kufundisha, na hufundisha vizuri. Hawezi kusahihisha bila msomaji. Msichana mwenye kiti cha magurudumu anaweza kusoma hadi chuo kikuu. Hawezi kupanda ngazi za maktaba isiyo na njia ya kuteleza. Neno "bila" ndilo linaloziunganisha kauli hizo. Linaonyesha uwezo wa mtu, kisha linaonyesha gharama ambayo wengine hawailipi. Msamaha wa kodi na ruzuku vimekusudiwa kuipunguza gharama hiyo. Hakuna aibu katika kuitaja, kama vile hakuna aibu katika kumwambia mwenye duka kwamba amekurudishia chenji pungufu.

Isieleweke kwamba nawafunza watu kutunga hadithi. Anayetia chumvi anajiharibia, kwa kuwa maelezo yake hayatalingana na ripoti ya daktari wala na yale ambayo wanakijiji watayasema hadharani. Isitoshe, fedha za mpango huu zina kikomo, na anayejipenyeza kwa uongo amekula sehemu ya mtoto asiyeweza hata kukaa. Kutoa habari za uongo ili kujipatia manufaa ni kosa la jinai. Ninachokitaka ni ukweli wote, pamoja na ile nusu ambayo adabu yetu huifunika.

Kuna mambo madogo ambayo huangusha maombi makubwa, na mwanafunzi yeyote makini anaweza kuyazuia. Majina katika kitambulisho, kadi ya hospitali na fomu ya maombi yalingane herufi kwa herufi. Lugha zetu zina sauti ambazo makarani huziandika kila mmoja kwa namna yake: Ng'ang'a wa kitambulisho anaweza kuwa Nganga wa hospitali, na kompyuta itawaona kuwa watu wawili. Tarehe za kuzaliwa zilingane vilevile. Kila karatasi inayopelekwa ibaki na nakala nyumbani, pamoja na jina la ofisi iliyoipokea na siku yenyewe. Cheti cha msamaha wa kodi kina muda wake, na kinapokaribia kwisha kihuishwe mapema. Mtu akikataliwa, asijiondokee kimya akinung'unika. Ibara ya 47 ya Katiba, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, zinampa anayeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Aziombe sababu hizo, azisome, kisha alijibu lile lililokosekana. Kukataliwa mara nyingi huwa na maana ya kwamba karatasi fulani haikusema kitu fulani.

Serikali nayo haina budi kubeba mzigo wake. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na imeagiza kukuzwa kwa Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Ni kinaya kwamba mwananchi aliyemaliza darasa la nne aendelee kukutana na Kiingereza cha kisheria na cha kitabibu pindi anapotafuta haki yake. Kila fomu ya ulemavu ingefaa kupatikana kwa Kiswahili chepesi, pawe na wakalimani wa Lugha ya Ishara mahali pa ukaguzi, na maswali yenyewe yaulizwe kwa vitenzi vya maisha ya kila siku. Daktari akimuuliza mzee wa Kwale au wa Kitui, "Uko sawa?" amemtegea mtego, kwa sababu mzee atajibu kwamba yu sawa. Akimuuliza, "Nani amekuvalisha viatu leo?" atapata jibu la kufaa ripoti.

Walimu wa Kiswahili wenzangu, kazi hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kwa miaka tumewafundisha vijana insha za kiuamilifu: barua rasmi, ripoti, wasifukazi. Wamejifunza anwani mbili na "Yahusu". Ni rahisi kuwapa zoezi la kumsikiliza mtu kwa nusu saa na kuandika, bila kuongeza wala kupunguza, jinsi siku yake inavyokwenda. Ni mtihani mgumu kuliko methali yoyote ya kutungiwa kisa, kwani unadai usikivu, mpangilio na uaminifu kwa maneno ya mwingine. Mtaala wa umilisi unasisitiza mafunzo yanayoigusa jamii. Sioni mahali ambapo lugha inaweza kuigusa jamii kwa karibu zaidi.

Nanyi wanafunzi, likizo inapofika, yamkini mko na nyanya, mjomba au mtoto wa jirani ambaye hajaandikishwa kwa sababu hakuna aliyemsaidia kuandika. Nendeni na daftari na kalamu. Mkianza kwa kumjulia hali, atawaambia kwamba hajambo, nanyi mpokeeni kwa heshima kama mlivyofunzwa. Kisha vuteni kigoda, mketi, mmuulize jana alivyoamka, nani aliyemshika mkono, na ilimchukua muda gani kufika mlangoni.